Kapu la Simu

Mwezi uliopita, kwenye daka, ile baraza ya mlangoni, la nyumba moja ya harusi hapa Amu, mama mmoja mnene aliyekaa kwenye kiti cha plastiki aliniwekea kapu chini ya kidevu.

"Simu, mwanangu."

Nikaitoa, nikaiweka juu ya nyingine zilizolala humo zikiwaka na kuzimika.

"Na ya pili?"

"Sina ya pili, Bi."

"Nyinyi mliosoma bara wote muna ya pili. Fungua mkoba tuone."

Wanawake waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Mmoja akasema niachwe nipite, uso wangu si wa mtu wa simu mbili. Nikafungua mkoba hata hivyo. Mlikuwa na kitana, kitambaa na karafuu chache kwenye karatasi. Yule mama akanipa kipande cha kadibodi kilichoandikwa thelathini na moja, nikavua viatu, nikaingia. Masikio yalikuwa yananiwaka.

Kama hujawahi kuhudhuria shughuli ya wanawake kwetu, nikueleze. Humo ndani buibui huvuliwa, nywele huachwa wazi, dhahabu hutoka sandukuni, na wanawake hucheka kwa namna ambayo waume zao hawajapata kuiona. Hakuna jicho la mwanamume humo, wala sikio. Hayo ni ya tangu zamani. Kapu, hata hivyo, si la zamani. Nilipokuwa mdogo mtu aliombwa tu aiache simu yake nyumbani, na akaaminiwa. Kapu lilianza mtaani kwetu nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, na lilianza kwa sababu yangu. Yule mama aliyenipekua hakulijua hilo. Karibu hakuna aliyelijua. Nami nilikuwa nimekuja harusini siku ile kulisema.

Nililelewa na bibi, mamake mama, katika nyumba ya mawe yenye kiwanda kidogo katikati, ule uwazi ambao jua hupita juu yake kwa saa mbili tu kwa siku. Katika saa hizo mbili bibi alianika kila kitu: pilipili, maganda ya ndimu, mito, na mimi nikiwa nimeoga. Kisha alikaa kwenye mkeka na kushona kofia. Alitoboa kitambaa tundu kwa tundu, akazungushia uzi kila tundu, na kazi hiyo ilikuwa na mlio wake, sindano ikiingia na uzi ukivutwa, ambao hadi leo nikiusikia hunifanya nisinzie. Asubuhi tulikula mkate wa mofa na chai ya tangawizi iliyochoma koo. Kazi yangu ilikuwa kuchambua mchele, kumwaga maji ya kuoshea samaki, na kuwa mdomo wa bibi dukani.

Mdomo wake, ndiyo. Bibi alikuwa na sauti mbili, na ile ya kusemea ilikuwa mbovu. Ilikuwa nyembamba, kavu, yenye upepo ndani yake, kama mchele unaotikiswa kwenye uteo. Kila mwisho wa sentensi ilikatika, na lile neno la mwisho ulilazimika kulikisia. Watu walisema ni homa ya utotoni iliyomla koo. Mwenye duka aliinamisha sikio, akasema, "Ati, Bi?" Bibi akarudia. "Ati?" Mwishowe alichoka, akawa ananituma mimi, nami nikasimama kwenye kaunta na kupaza sauti: sukari, majani ya chai, uzi mweupe ule mwembamba.

Siku moja mwalimu aliwaita wazazi shuleni. Bibi alikuja, akaulizwa swali mbele ya darasa zima, akajibu mara tatu na mara zote tatu mwalimu akasema, "Ati?" Watoto wakaangua kicheko. Nami nilicheka. Si kwa sauti, lakini nilicheka, na bibi alikuwa ananitazama.

Sasa ile sauti ya pili. Hiyo hakuitoa nyumbani kamwe. Wala hata siku moja hakuimba akipika au akishona. Lakini kila palipokuwa na harusi mtaani, bibi ndiye aliyetoa nyimbo na wengine wakaitikia. Alitafuna karafuu moja, akaimeza, akajifunga leso upya, kisha akasimama. Wanawake wawili walianza kugonga pembe za nyati kwa vijiti, mlio mkavu unaopiga kifuani, na bibi akafungua kinywa. Kilichotoka hakikuwa na upepo wala nyufa. Kilisimama. Kilikwenda moja kwa moja hadi ukuta wa mwisho, kikarudi, na pembe zote zile hazikuweza kukifunika. Nilikuwa nikitazama koo lake kuona kama ni lile lile.

Na maneno je! Kwetu kuna mambo ambayo hayasemwi bali huimbwa. Bibi, ambaye hakuweza kumwambia daktari mahali panapomuuma, aliwaimbia mabibi harusi mambo ya chumbani beti baada ya beti, na wanawake wazima wakajificha nyuso kwa leso kwa kucheka. Wimbo ukiisha, alirudi kuwa yeye, akaomba maji, na aliyekuwa karibu akamuuliza, "Ati?"

Babu hakuwahi kuisikia sauti hiyo. Usishangae. Alikuwa mtu wa msikitini, sauti yake ilijulikana kwenye maulidi, na ungemwambia anaimba maulidi angekutoa nje, kwa sababu maulidi husomwa. Alijua mkewe hutoa nyimbo kwa wanawake. Alijua tu, basi. Shughuli ya wanawake ikiwa karibu, wanaume wa rika lake walihama hata daka la kukalia.

Nilikuja kufanya nini, basi? Mjomba, ndugu yake mama, alinunua simu nyingine, ile ya zamani akanipa nichezee wakati haitaki. Niligundua inaweza kunasa sauti. Nikawaza, na mimi nikianza kuwaza siachi: watoto wa darasani walimcheka bibi kwa sauti moja, nikiwapelekea ya pili watanyamaza. Ndilo lililokuwa kusudi langu. Nimeligeuzageuza kwa miaka mingi nikitafuta ubaya ndani yake, sijauona. Ubaya ulikuja baadaye.

Ilikuwa alasiri ya kutia hina. Tangu asubuhi nilikuwa nimetunga asumini hadi vidole vikanata. Simu niliifunga kwenye ncha ya leso kiunoni, na hakuna aliyempekua mtoto. Bibi alipoinuka nikasogea nikakaa karibu na miguu yake, nikabonyeza. Wimbo ule ulikuwa mrefu, na mimi niliitikia kama siku zote, nikichelewa kidogo kuliko wengine. Katikati ya wimbo simu ya mtu iliita. Ilikuwa ya binti wa jirani, msichana wa miaka ishirini hivi. Alikuwa ameisahau mkobani, akatoka mbio kwenda kuizima, na wanawake wakamsindikiza kwa macho. Mimi nilishika kiuno changu na kushukuru Mungu kwamba yangu haikuita.

Shuleni sikuipeleka. Mjomba aliitaka simu yake siku iliyofuata, nikampa, nikaona aibu kumwambia kilichomo. Yeye hakusikiliza chochote. Alimwazimisha rafiki kile kikadi cha ndani ili amwekee nyimbo. Haikupita wiki, vijana wa madaka yote ya mtaa wakawa wanarushiana sauti ya mwanamke akiimba mambo ya chumbani.

Jioni moja babu alirudi, akakaa kwenye mkeka, akavua kofia.

"Vijana hawa wana mwanamke kwenye simu," alisema. "Maneno hayafai, astaghfirullah. Lakini sauti! Huyu ni nani? Amu hii sauti kama ile siijui. Huenda ni mtu wa Pate."

Bibi alikuwa anashona. Hakuinua kichwa.

"Wasikia?" babu akasema. "Sijapata kusikia sauti kama ile maishani mwangu."

"Huenda ni mtu wa Pate," bibi akajibu kwa ile sauti ya mchele, na nikaona anaanza kufumua safu ya matundu aliyotoka kuimaliza.

Wanawake walijua mara moja ni sauti ya nani, na walijua pia ni simu ya nani. Nani mwingine, kama si yule ambaye simu yake iliita? Binti wa jirani hakushtakiwa. Kwetu mtu hashtakiwi. Kwetu harusi ikikaribia, mwanamke hutumwa nyumba kwa nyumba, hubisha hodi na kualika kwa mdomo, kila mwanamke kwa jina lake. Yule mwanamke alianza kuuruka mlango mmoja. Harusi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Posa yake iliyokuwa imeanza kuzungumzwa ikanyamaza. Na mlangoni mwa kila shughuli likawekwa kapu.

Mimi siku ya kwanza sikusema kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Siku ya pili niliona jana ndiyo ilikuwa siku ya kusema. Baada ya mwezi nikawaza: nikisema sasa wataniuliza mbona sikusema mwezi mzima, na hilo litakuwa kosa la pili kubwa kuliko la kwanza. Unaona mambo yanavyokwenda. Nilipokutana na binti wa jirani kwenye kichochoro, nilijibanza ukutani kama ninayempisha punda. Yeye alinisalimia. Alikuwa wa kwanza kunisalimia, kila mara, hadi alipohama.

Harusi iliyofuata bibi alisema koo linamuuma. Iliyofuata pia. Halafu watu wakaacha kumuuliza.

Nilikwenda chuo kikuu bara, nikasoma isimu. Mwaka wa mwisho kila mmoja wetu alitakiwa kuandika ripoti ya utafiti. Wenzangu walichagua mambo ya heshima, lugha ya matangazo, majina ya mitaa. Mimi nilichagua kulinganisha sauti ya mtu mmoja akisema na akiimba. Ya kusema nilikuwa nayo: bibi alikuwa akinitumia salamu kwa simu ya mjomba, "Umekula? Mungu akuhifadhi." Ya kuimba pia nilikuwa nayo. Nikiwa sekondari, msichana wa kwetu alinirushia ule wimbo bila kujua ni wa nani, nikautunza kwenye simu yangu tangu hapo. Niliona kuufuta ni kukimbia na kuuweka ni kuiba, basi nikauweka na kuona haya.

Kompyuta hugeuza sauti kuwa mstari. Mstari wa "Umekula?" ulipanda na kushuka bila kutua popote, kama mtu anayepapasa ndara kwa mguu, na ndani yake mlikuwa na ukungu mwingi: ni pumzi inayovuja kwa sababu nyuzi za kooni hazifungi vizuri. Mstari wa wimbo ulikuwa ngazi. Sauti ilipanda kidato, ikakaa, ikapanda kingine, ikakaa. Irabu ambayo katika kusema ingepita bila kuonekana, bibi aliikalia kama mwenye nyumba. Ukungu haukuwepo. Nyuzi zile zile zilikuwa zimekutana. Na juu, mahali ambapo sikio la binadamu ni jepesi mno, palikuwa na mkanda mzito wa nguvu ambao katika kusema haukuonekana kabisa. Pembe za nyati ziligonga chini, yeye akapita juu yake. Ndiyo maana hazikumfunika.

Nililia mbele ya kompyuta, kisha nikaandika aya mbili nzuri sana.

Mhadhiri aliposikia alivua miwani. "Huyu ni nani?"

"Ni mwimbaji mmoja wa kwetu," nikasema. Kwenye ripoti nilimwandika Mwimbaji A. Kulikuwa na mstari mwingine mwembamba uliojitokeza kila penye kiitikio, wa karibu mno na simu, sauti ya mtoto. Huo niliuandika kuwa kelele. Nilipata alama ya juu kuliko wote, na hadi leo sijaitumia kwa lolote. Nimetuma barua za kazi hadi nimejua kwa moyo namna wanavyokataa.

Nilirudi Amu mwaka huu nikiwa na cheti na mizigo miwili. Babu amekwisha kufariki. Bibi hashoni tena, macho hayamruhusu, lakini vidole bado vinakwenda vyenyewe juu ya goti. Sauti ya kusemea imebaki kidogo mno. Nilijiambia nitamwomba ruhusa ya ule wimbo, hata kama nimechelewa, bila kulazimika kusema umetoka wapi. Naandika haya kwa haya. Hata siku ile nilikuwa nimepanga kukiri nusu.

"Bibi, nina kitu nataka usikie," nikasema. "Nimekipata kwa mtu."

Alikuwa hajawahi kuusikia. Wakati ule watu walimficha, naye hakuuliza. Akaishika simu kichwa chini, akaibana sikioni, nikaigeuza. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Bibi."

"Mimi?" Akasikiliza tena tangu mwanzo. Akatabasamu, tabasamu la msichana, sijapata kuliona kabla. "Mimi nalikuwa hivi? Na mbona hamkunambia?"

Nikacheka kwa kupumua. Nikadhani nimeokoka. Kisha kikaja kiitikio, na lile tabasamu likakaa mahali pake bila kuendelea.

"Na huyu mtoto?"

Nikanyoosha mkono niichukue simu, hakunipa.

"Mimi niko mbali," bibi akasema, akigonga simu kwa ukucha. "Huyu yuko papa hapa. Anachelewa. Mtoto mmoja tu alikuwa akichelewa hivi."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, leso, kikadi, kichochoro, ripoti. Ilinichukua dakika chache tu, jambo lililonichukua miaka kumi na mitatu. Bibi alikuwa ameiweka simu pajani, na wimbo ulikuwa unaendelea kuimbwa kwa sauti ndogo pale pajani pake.

"Miaka kumi na mitatu," akasema, "nikikutana na mtoto wa watu ndiani navuta buibui nisimwone. Nilimnyima salamu. Mimi, mzee mzima."

Aliyasema kwa ile sauti iliyobaki kidogo, lakini sikuhitaji kusema "Ati?"

Nikamuuliza kuhusu babu, kama alikuja kujua.

"Amekufa akimtafuta mwanamke wa Pate," akasema. "Niliona haya kumwambia. Na nikaona raha pia, Mungu anisamehe." Kisha akanirudishia simu. "Nenda kwake. Mwambie wewe, na mwambie na mimi naomba radhi kabla sijafa. Ukimaliza, ufute wimbo huu mbele yake."

Binti wa jirani yuko kisiwa cha ng'ambo, Manda, kule Ras Kitau, anasimamia ufuaji kwenye nyumba moja ya wageni. Nilimkuta nyuma, kati ya kamba za shuka nyeupe. Amejaa mwili, sauti ni ile ile.

"We si mjukuu wa Bi mwimbaji? Umekuja kutafuta kazi? Hapa wanataka wa kupiga pasi, digrii tunazo mbili tayari, moja iko jikoni." Akanitupia ncha ya shuka. "Shika hapo."

Tukaanza kukunja. Ukikunja shuka na mtu, kila mkunjo unakusogeza kwake hatua moja. Nilianza kusema tukiwa mbali, na nilipofika kwenye kikadi cha mjomba tulikuwa uso kwa uso na shuka limekwisha.

Hakulichukua mkononi mwangu.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja, dada."

"Na sasa?"

"Ishirini na minne."

Akapiga hesabu kwa midomo. "Basi hiyo ya mtoto nimekusamehe, wallahi. Mtoto hana makosa. Hii kumi na mitatu mingine, bado."

Nikalikunja lile shuka mara moja zaidi.

"Unajua ile simu yangu iliitia nini? Mamangu alikuwa hauoni ufunguo wa kabati. Ufunguo! Hakuna aliyeniuliza, si yeye, si wewe, si nani. Nilitoka kuizima, niliporudi wimbo umekwisha. Nimebebeshwa wimbo ambao hata sikuusikia wote. Hebu niusikie."

Nikamwekea. Alisikiliza mikono ikiwa kiunoni, hadi mwisho, hata ile sehemu ya kuchekesha hakucheka. Upepo ulikuwa unapiga shuka.

"Sauti nzuri," akasema. "Haya, ufute."

Nikaufuta mbele ya macho yake. Akauliza kama uko kwingine, nikasema ule wa kwenye kompyuta niliufuta kabla ya kuvuka, kuna michoro tu kwenye ripoti. Akasema michoro haina mdomo, iache. Nikamfikishia salamu za bibi. Hapo ndipo alipogeuka upande wa pili, akashughulika na vibanio vya nguo kwa muda mrefu.

"Mimi sitaki radhi za nyuma ya mashuka," akasema mwishowe. "Walinifungia viwanda vya harusi, na watu wote wakaona. Useme huko, mbele yao."

"Alhamisi kuna harusi mtaani."

"Na nani ataniita? Mwenye kualika haijui ndia ya kwangu."

Nilipomweleza bibi, alijikongoja mwenyewe hadi kwa mamake bibi harusi, sijui walisema nini. Ninachojua ni kwamba kesho yake yule mwanamke wa kualika, naye sasa ni mzee, alivuka hadi Ras Kitau, akabisha hodi, akamwalika binti wa jirani kwa jina lake na la mamake, maneno yote kamili.

Ndivyo nilivyofika mlangoni pale na kadibodi yangu ya thelathini na moja.

Siku hizi shughuli zina spika. Mwanamke mmoja hukodiwa pamoja na kinanda chake, na nyimbo nyingi hutoka humo. Mamake bibi harusi aliizima, akasema kuna mtu ana neno. Walitaka kunipa maikrofoni, lakini maikrofoni ingepeleka sauti yangu nje hadi kwa wanaume, nikakataa. Bibi alikuwa amekaa karibu na ukuta. Binti wa jirani alikaa upande wa pili, peke yake, amevaa kaftani la zari, mikono pajani.

Nikasema. Nilidhani ninasema kwa nguvu.

"Ati?" wakasema wa nyuma.

Nikarudia. Sauti ilikuwa inavuja pumzi, inakatika mwisho. Nilijua hasa kinachotokea kooni mwangu, ningeweza kukuchorea, na kujua hakukunisaidia.

"Ati? Sema usikike, mwanangu!"

Mara ya tatu nikapiga kelele: "Ni mimi niliyenasa wimbo wa bibi! Si yeye! Ni mimi!" Nikaona nyuso zikigeuka kwangu, kisha, polepole, zikigeuka kwake, na nyingi zikainama. Nilikuwa nimedhani aibu yote ni yangu. Kumbe niliwagawia.

"Nimesikia," binti wa jirani akasema. "Kaa."

Bibi aliinuka, akavuka kiwanda akishika mabega ya watu, akamwinamia sikioni. Hatukusikia kitu. Tulimwona tu binti wa jirani akiushika mkono wa bibi na kuuweka kwenye paji la uso wake. Kisha akasema kwa sauti, "Bi, toa wimbo."

"Sauti imekwenda, mwanangu."

"Toa hivyo hivyo."

Mtu akaleta pembe. Nikafungua ile karatasi mkobani, nikampa bibi karafuu, akaitafuna. Akafungua kinywa.

Hakikuwa kile kitu. Vidato vilikuwepo, alijua kila kimoja kilipo, lakini alivifikia akiwa amechoka, na ule upepo wa kusemea sasa ulikuwa umeingia hata humu. Sauti zake mbili zilikuwa zimekuwa moja. Wanawake wengine hawakuujua wimbo tena, kiitikio kikapita kitupu. Nikaitikia mimi, nikichelewa. Mara ya pili binti wa jirani akaitikia, na baada yake wakubwa wote.

Sasa nikikaa peke yangu hujaribu kuiita ile sauti ya zamani kichwani, ile iliyosimama, na haiji. Najua urefu na kimo chake, naweza kukuandikia nguvu yake ilikaa wapi. Ninachosikia ni mchele kwenye uteo, ukiuliza kama nimekula. Niliinasa nisiipoteze, na kwa kuinasa ndiyo nilivyoipoteza, nikawapotezea na wengine. Harusi za mtaani kwetu zingekuwa nayo miaka kumi na mitatu zaidi.

Tulipotoka, binti wa jirani alikuwa mbele yangu kwenye kapu. Akatoa kadibodi yake, akapewa simu, akaifuta vumbi kwa ncha ya leso. Akanitazama nikivaa viatu vyangu vibaya, mguu wa kushoto kulia.

"Imebaki kumi na miwili," akasema, akavuta buibui, akashuka ndiani.